Ruta Kabatini, Marahaba Njiani

Mshauri, shikamoo. Nimemkosea mzee wa watu, nimemtoza faini kwa kosa lililofanywa na kabati langu, na beberu wa faini tumeshamla. Naomba unisaidie kabla binti yangu hajakosa mume.

Mimi ni Msukuma, wazazi wangu walihamia huku Kilosa na ng'ombe, niko Masanze nalima na kufuga na nina duka dogo mbele ya nyumba, shule niliishia darasa la saba kwa hiyo nivumilie nikiandika kama ninavyoongea. Binti yangu Juliana anafanya kazi Mikumi kwenye hoteli ya wageni wa mbugani, na huko akapata mchumba, Lupakisyo, Mnyakyusa, dereva, kijana mzuri sina neno naye. Baba yake alishafariki, anasimamiwa na baba yake mkubwa, mzee Elikana, anaishi hapohapo Mikumi, ni mtu mzima kuliko mimi kwa mbali na magoti yake hayataki pikipiki, na kipindi kile mvua ilikuwa imeharibu barabara, basi wakaomba mazungumzo ya posa tuyafanye kwa simu ya video. Nikasema haina shida, kwangu kuna ruta.

Nilisema kwa kujidai, maana mtaani kwetu mimi ndiye wa kwanza kuweka ruta, ile ya kuchomeka laini ikagawa mtandao nyumba nzima, ya bei rahisi, niliinunua kwa fundi simu mjini, Mabwerebwere, na kitu kizuri ukikipata si unakitunza, nikaiweka kwenye kabati la vyombo pamoja na vikombe vya wageni na yale masinia makubwa ya bati ya shughuli, mke wangu akaivika kitambaa cha kufuma kama cha tivii, nikafunga, ufunguo nikautia mfukoni. Pasiwedi nimewapa majirani, siyo wote, wale wanaoniita Bwana Mnara.

Siku ya posa tumekaa sebuleni mimi na wazee wangu, nimevaa koti, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai. Uso wa mzee Elikana ukatokea. Nikasema kwa heshima zote, "Shikamoo, mzee." Kimya. Uso umeganda, mdomo wazi nusu. Nikarudia, "Shikamoo, mzee wangu!" Kimya, halafu simu ikakata. Kaka yangu Jilala akanigeukia akasema, "Maduhu, umenyimwa marahaba ndani ya nyumba yako."

Mshauri, unajua shikamoo isiyoitikiwa inavyokaa tumboni. Walipopiga tena sikuuliza kitu, nikasema kabla hatujaendelea kuna faini, beberu mmoja, kwa kuninyima marahaba. Ikakata tena wakati mzee anaeleza ukoo wao, nikasema mmenikatia simu, faini nyingine, blanketi la bibi yake Juliana. Kwenye posa faini ni kawaida, upande wa mume ukikosa adabu unatozwa, ndiyo mambo yenyewe yanavyonoga, na wazee wangu walishaanza kunipigia makofi. Ilipokata mara ya tatu nikataja mtamba wa ng'ombe. Hapo mzee Elikana nilimsikia vizuri sana: "Kwani kijana wetu anaoa binti au anaoa mtandao?" Wakaaga.

Beberu alikuja kwa bodaboda, miguu imefungwa, amelowa, ananitazama mimi tu. Blanketi likaja naye. Beberu tukamla.

Sasa juzi mke wangu alitoa vyombo kabatini kuosha, ruta akaiweka dirishani bila nguo yake, na Juliana akapiga video wakati huohuo. Mshauri, niliona mpaka hereni. Sauti kama yupo jikoni. Mke wangu akaniangalia, akaliangalia kabati.

"Baba Juliana, yule mzee hakutukatia simu."

"Ni mvua zimeisha," nikamwambia.

"Haya. Mvua."

Akaenda kuanua nguo. Tangu siku hiyo akinitengea chakula ananiambia, "Karibu, Mvua."

Juliana naye kanieleza kwamba mzee aliitikia marahaba mpaka sauti ikamkauka, watu wa kwake wakafikiri anaweweseka kwa homa. Na akaniambia, "Baba, Jumapili wanapiga kwa mara ya mwisho. Ikikatika ukataja faini tena, wanafunga mazungumzo, na mimi nyumbani msinitegemee."

Naomba unielekeze namna ya kuiweka hii ruta ili Jumapili simu isikate. Na kama kuna njia ya kulimaliza hili bila mimi kusema ilikuwa kabati, nielekeze hiyo pia, maana wazee wangu nao walimla yule beberu.

Maduhu, Masanze

*

Shangazi Teresia anajibu:

Marahaba, Baba Juliana. Umeona ilivyofika? Yangu haikupita kabatini kwako.

Nilicheka nikisoma barua yako, halafu nikamfikiria Juliana nikaacha. Tuanze na ruta, maana hiyo haina kiburi, itasikia haraka.

Itoe kabatini leo. Ruta siyo mwali wa kufichwa ndani na kuvishwa. Inaongea kwa njia ya hewa, na wewe umeizungushia masinia ya bati, ukaifunika, ukaifungia mlango, kisha ukamtoza faini mtu wa upande wa pili kwa kutosikika! Ivue hicho kitambaa, inapata joto. Ipeleke dirisha lile lile alilochagua mkeo bila kusomea, iwe juu kidogo, mbali na bati na friji. Tembea nayo polepole sebuleni ukitazama zile taa za mtandao, pale zinapowaka nyingi ndipo kwake. Siku ya mazungumzo kaeni nayo chumba kimoja, msiende kuongelea uani.

Kisha badilisha pasiwedi. Ndiyo, najua, utapoteza cheo cha Bwana Mnara. Lakini majirani wote wakiangalia mpira kwa ruta moja ya bei rahisi, sauti ya mzee Elikana inakaa foleni nyuma ya mpira. Ndani ya mipangilio ya ruta tafuta kama kuna sehemu ya kutanguliza simu kuliko mambo mengine, ikiwepo iwashe, na kama yako haina usihangaike, kuwatoa majirani kunatosha. Hakikisha laini ina bando la kumaliza mazungumzo. Umeme wenu unajulikana, kwa hiyo muulize fundi aliyekuuzia kama inakubali pawabenki. Na ikianza kukwama zimeni video mbaki na sauti, sauti peke yake ni mzigo mwepesi, na koti lako wameshaliona. Mjaribu Ijumaa na Juliana, muongee kwa muda mrefu, siyo "haloo, unanisikia, haya kwaheri." Mwisho, mkubaliane mwanzoni kabisa kwamba ikikata, aliyepiga anapiga tena na hakuna anayetozwa hata kuku.

Sasa swali lako la pili. Njia ya kumaliza bila kusema? Hakuna, Baba Juliana, na usiniandikie tena kuiulizia. Ulijua juzi. Kabla ya juzi ulikuwa umekosea, baada ya juzi unadanganya, na mvua ya Mungu umeisingizia. Mzee mwenye magoti mabovu amekaa mbele ya simu anaitika marahaba mpaka anakauka koo, na malipo yake ni kuambiwa hana adabu mbele ya ukoo wake. Unataka amuozeshe kijana wake kwa watu wanaokula mbuzi wa namna hiyo?

Nani alikwambia faini ya posa inatozwa upande mmoja? Aliyekosa adabu safari hii ni wewe. Jitoze. Beberu atoke zizini kwako, na asiwe mgonjwa. Blanketi la bibi usimvue, bibi hana kosa, nunua jingine upeleke. Jilala aliyekutia maneno na kula nyama aende na wewe, amshike beberu kamba. Na usiombe msamaha kwa simu. Magoti yako wewe ni mazima, na barabara sasa inapitika. Ruta ni ya kuzungumzia mahari. Msamaha unatembea kwa miguu.

*

Kwa sababu Jumapili ilikuwa karibu, jibu hili tulimtumia mapema, kabla ya kulichapa hapa. Alirudisha ujumbe huu:

Mshauri, nimesoma na mke wangu kasoma. Ruta ipo dirishani, haina nguo. Jirani yangu Ditram kaja kuuliza mtandao umepatwa na nini, ulimi ukataka kusema mvua, nikaushika, nikamwambia nimeufunga mimi, nina posa. Jumamosi hii alfajiri natoka Masanze na Jilala, blanketi jipya na beberu wangu mwekundu, mkubwa kuliko yule tuliyemla. Kabla ya saa sita mchana nitakuwa Mikumi mlangoni kwa mzee Elikana, nitamwambia mbele ya watu wake kwamba ilikuwa kabati na nilijua nikanyamaza, na mtamba nimemfuta. Halafu nitampa shikamoo yangu upya, nisimame hapohapo nisubiri marahaba, hata akikawia.