Mke Wangu Hakuninyima Chakula

Ruaruke, Kibiti
Jumatatu, 13 Novemba 2023

Kwa mdogo wangu Mwantumu,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba mguu wa shemeji umepona. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umejaa hasira, na hasira hiyo ni juu yako. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize sentensi.

Tangu mwezi wa tano unaniona napungua. Leo nakueleza sababu. Daktari wa Kibiti alinipima akanikuta na sukari na shinikizo la damu. Alisema nikiendelea kula wali wa nazi kwa sinia na kukaa barazani kutwa, nitapoteza mguu au nitapooza. Aliniamuru nipunguze wanga, niache sukari, na nitembee kwa kasi kila siku.

Aliyeibeba kazi hiyo ni wifi yako Rukaiya. Wali wangu aliupima kwa kikombe. Kisamvu alikipika bila nazi, samaki alimchoma badala ya kumkaanga, na chai aliitia tangawizi tupu. Wiki mbili za mwanzo alitembea nyuma yangu hadi barabara kuu, kwa kuwa nikiwa peke yangu nilikuwa naishia kwenye kibanda cha maandazi. Watu walitushangaa. Mzee aendaye mbio asubuhi bila jembe wala kikapu, kila aliyekutana nami aliniuliza msiba uko kwa nani. Dulla wa bodaboda alisimama mara tatu akinisihi nipande bure, akisema si aibu mwalimu kukosa nauli. Nimepungua kilo kumi na mbili, na sukari imeshuka.

Kisha Jumamosi ukaja na shangazi Mwanaheri, na sufuria la wali wa nazi na kuku, nami niko matembezini. Nani alikuruhusu kufunua vyungu vya mwanamke jikoni kwake? Jirani yangu Zuena amenieleza yote. Ulipokuta boga la kuchemsha na kipande cha samaki, ulitoka uani ukatangaza kwamba Rukaiya ananiua kwa njaa ili arithi nyumba na mikorosho. Shangazi akadakia kwamba katika nyumba hii hata paka amenenepa kuliko mume. Hayo mlimwambia mke niliyeishi naye miaka thelathini na mmoja! Nilipoingia natiririka jasho, ulinikumbatia ukalia mbele ya majirani kwamba kaka yako anakimbizwa kama punda.

Rukaiya angetamka neno moja tu, sukari, nyote mngenyamaza. Hakulitamka. Nilikuwa nimemwapisha asimwambie mtu, kwa kuwa niliona aibu kujulikana kuwa ni mgonjwa. Alichukua baibui lake akaenda kwa kaka yake Kiongoroni, na hadi leo hapokei simu yangu.

Sasa nalazimika kuandika lililobaki, nalo silipendi. Kwenye arobaini ya baba mdogo, mliponitania mbele ya sinia kwamba nimekonda kama ufito, nilikujibu kwamba siku hizi nyumbani kwangu sipewi nikashiba. Watu walicheka, nami nikacheka. Ulikuwa uongo. Niliusema ili nisikiri kwamba naumwa, nawe ukauamini kwa sababu hujawahi kunisikia nikisema uongo. Na Jumamosi, Rukaiya akinitazama, akingoja nifungue mdomo nimtetee, mimi nilinawa mikono nikala wali wako. Alitoka nyumbani nikiwa bado nalamba vidole.

Bado nimekukasirikia. Ungeniuliza kwanza, mimi niliye kaka yako, kabla ya kumhukumu mtu uani kwake. Lakini wewe ulibeba tu nilichokutwisha.

Alhamisi nitakwenda Kiongoroni kwa boti ya asubuhi. Nataka uwepo, na shangazi awepo. Nitasema mbele ya kaka zake na mbele yenu kwamba nilimsingizia mke wangu. Nikimaliza, utamwomba radhi kwa kinywa chako. Akikataa kurudi, msimlaumu wala msimbembeleze. Atakuwa na haki.

Nisalimie shemeji, na umwambie mwanao Muzdalifa asiache masomo. Mungu atukutanishe salama.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu Haruni