Mkanda Uliolegea

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Mkate ufunikeni, sisimizi wameshaamka.

Asubuhi niliweka mkanda mpya wa kuzungushia santuri kwenye mashine yake, nikapiga ile ya nyimbo bora za jazi aliyotuachia marehemu bibi yenu, mzaa mama. Mama yenu akauliza, “Huyu mtoto anayeimba ni nani?” Akaenda kazini bila kunywa chai.

Kumbe mkanda wa zamani, kwa kulegea, uliizungusha santuri taratibu na sauti ikawa nzito. Bibi aliimba nayo hivyo miaka yote. Mimi nikarekebisha bila kuuliza.

~~Mkanda wa zamani utupeni.~~ Nimeurudisha. Msiukaze.

Mama akirudi, mpigieni santuri. Akiimba, msiitikie, anaimba na mama yake.

Baba yenu