Chujio Lililolia Kama Chungu

Kwako Mama Mwanamkuu, shikamoo. Naomba unisaidie maana kichwa kimenivurugika na sina pa kusemea, mimi ni mfinyanzi hapa Ipuli na mume wangu Festo ni fundi magari, wiki mbili zilizopita Mzee Raymundi anayebeba asali kutoka Usinge alileta pikapu yake ya dizeli, taa ya onyo inawaka na nguvu haina, Festo akafungua chujio la moshi, ndani ni kauri, udongo uliochomwa, yenye vitundu vidogo kama sega, bado la moto kabisa, akaomba maji nami nikamletea ndoo, maji ya mtungini, ya baridi, moyo ulinikataza lakini nikampa, na alipomwaga tu nikasikia "ta", mlio ninaoujua tangu utotoni kwa mama, wa chungu kinachopasuka, nikachukua ndoo yangu nikaondoka bila kumwambia. Sasa kinachonichanganya ni hiki, taa imezima, gari linapanda kilima kama jipya, mzee amemsifu Festo mbele ya jumuiya nzima na Jumamosi yanakuja magari matatu yaoshwe machujio vilevile, ila mimi nimepitisha kidole kwenye bomba la moshi kimetoka cheusi tii na zamani lilikuwa safi, je, limepona au limepasuka, na nikisema si Festo ataniuliza mke wa vyungu anajua nini habari za dizeli? Jana aliniambia, "Mbona hufurahi?" Nikaenda kukanda udongo.

Mfinyanzi wa Ipuli

Marahaba, mwanangu. Pole, ingawa huruma yangu leo ina mipaka. Limepasuka, na wewe ulijua kabla ya fundi. Taa ile huwaka moshi ukibanwa. Sasa umepata ufa, unapita na masizi yake, nanyi majirani mnayavuta. Gari limekuwa jepesi, sawa. Hata mtungi uliotoboka ni mwepesi kubeba.

Festo hakufundishwa. Wewe ulifundishwa na mama yako, kisha ukaona haya kuitwa mke wa vyungu siku ambayo ujuzi wa vyungu ndio uliotakiwa. Hapo umenikera.

Usimseme mbele ya watu. Leo, mkiwa wawili, weka chungu kitupu motoni, kikishika moto mpe Festo maji amwage mwenyewe, asikie. Kisha ongozaneni kwa Mzee Raymundi mkamweleze ukweli: kauri ikishapasuka haiungiki, anahitaji chujio jingine. Machujio ya Jumamosi yaachwe yapoe mpaka mkono uyashike, yapulizwe upepo taratibu. Festo atanuna? Anune, akisusa chakula leo atakula kesho.

Mumeo amekuuliza mbona hufurahi. Jibu unalo tangu siku ya ndoo. Mpe kabla ya Jumamosi.