Miguu ya Kwenda Oslo

Sarang'ombe, Kibera
4 Machi 2024

Trizah mama,

Habari ya huko kwenye barafu? Sisi wazima, ila mama yako anasema umekonda kwenye picha.

Zile pea arobaini za viatu vya akala za duka la rafiki yako zimeondoka leo. Nimezikata kwa tairi ya lori, si ya gari ndogo. Waambie wateja watawarithisha watoto.

Baba yako,
Phanuel

Oslo
2 Aprili 2024

Baba mpendwa,

Kifua kimepona? Mimi niko poa, lakini mwenye duka hana furaha. Akala zote ni saizi moja, na ni saizi yako. Pea sita ni kushoto na kushoto. Huku mtu anaagiza kwa simu. Akitaka saizi arobaini na tatu, apate arobaini na tatu. Amekubali mzigo mmoja tu zaidi wa kujaribu. Ukikosea, atanunua kwingine. Tafadhali, weka saizi.

Binti yako,
Trizah

Sarang'ombe
9 Aprili 2024

Trizah,

Kifua ni kile kile. Sasa nisikilize. Miaka ishirini na sita nakata akala, hakuna aliyewahi kuniuliza saizi. Hapa mteja huja na miguu yake. Huyo rafiki yako atume miguu.

Baba yako, aliyekusomesha kwa hizo akala

Sarang'ombe
20 Mei 2024

Trizah mama,

Uko salama? Hasira ziliisha. Nimetafuta miguu.

Kanisani nimechora nyayo za kwaya nzima kwa karatasi. Saizi arobaini na sita ndiyo ilinisumbua. Nilielekezwa hadi Kawangware kwa Kaloki, mbeba magunia sokoni. Mguu kama jembe! Alikataa kuvua kiatu mpaka nimwambie mchoro unaenda wapi.

"Norway," nikasema.

"Na mimi nabaki?"

Seremala amenichongea kalibu za mbao, kila saizi yake. Nikachoma alama kwenye soli: K ya kulia, K ya kushoto. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Nimerudia alama zote. Mzigo uliondoka jana. Kusema kweli, naogopa.

Baba yako

Oslo
1 Julai 2024

Baba,

Hamjambo nyumbani? Zimefika, na hakuna hata moja iliyorudishwa. Sasa anataka pea mia moja!

Binti yako anayejivunia,
Trizah

Sarang'ombe
8 Julai 2024

Trizah mama,

Sote wazima, na mama yako ametangazia majirani wote wa ploti.

Lakini kuna jambo. Unamkumbuka Risper wa kanisani kwetu? Mwaka juzi alinunua akala kwangu, akasema zinambana. Nikamwambia zitajiachia. Tairi ijiachie, mama! Tangu hapo anachechemea, na kanisa zima tunaombea magoti yake. Mimi mwenyewe nimeongoza hayo maombi.

Jana nilimpima kwa kalibu. Arobaini na tatu. Nikampa mpya bure, nikamwomba msamaha. Alitembea hadi mlangoni, akarudi, akaenda tena. Nilishindwa kumwangalia.

"Fundi," akaniuliza, "na yale maombi yote?"

Nikamwambia yamejibiwa, ila yalipitia Oslo kwanza.

Baba yako