Neno la Mkubwa

Misheni, Madagaska
12 Machi 2023

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu sana. Uko salama? Mgongo umekuachia? Mdogo wangu Noella anaendelea aje na masomo? Minye niko mzima, ila baridi ya mlima huu haina adabu. Tulisema naenda kisiwani, nikafikiri jua na samaki. Kumbe ni kuvaa soksi mbili na kulala na kofia.

Nikuambie kazi. Hii nyumba ni ya wazee walioachwa na watoto wao. Sisi volontaire, watu wa kujitolea, tunaamka na kengele, tunachota maji, tunayachemsha, tunawaogesha. Minye nimepewa upande wa wabibi. Ninawakata kucha, ninawalisha, ninafua mashuka, ninawageuza ili mgongo usipate vidonda. Iko mmoja, Bibi Rasoa, ananitemea uji kila asubuhi. Wenzangu wanacheka, wanasema huyo ndiye amenipenda. Chakula ni wali asubuhi, wali mchana, wali jioni, na maji ya ukoko badala ya chai. Majani yetu ya sombe na vidagaa vya ndagala naviona mu ndoto tu.

Sista Marie-Rose, mkubwa wetu, alichukua simu zetu. Anasema mwenye simu bado anaishi kwao. Kwa hiyo barua zangu zitapita kwa masista wanaosafiri, mpaka kwa masista wa hapo Uvira. Utanijibu kwa njia hiyo hiyo.

Ile miaka miwili ya kumtumikia uliyomwahidi Mungu, pale nilipolazwa na kipindupindu, nitaimaliza yote, usiwe na wasiwasi. Toussaint alikubali kunisubiri, tufunge ndoa nikirudi. Lakini mwanaume akiachwa peke yake anahitaji kukumbushwa. Mpelekee ndagala siku moja Kamanyola, umsalimie baba yake, uwachekeshe kidogo.

Mwanako,
Claire


Uvira, Mulongwe
20 Aprili 2023

Claire mtoto wangu,

Yesu asifiwe. Barua yako imefika, iko na harufu ya sabuni. Mgongo ni ule ule. Noella iko mu mwaka wa mwisho, anasoma pale anapotaka.

Barua yako niliisoma mu shirika letu la sala, kwa sauti, watu wote wakasikiliza. Niliruka ile ya kutemewa uji, haipendezi. Nilisema wabibi wanakubariki kila asubuhi. Mama Rénovat akalia. Sasa nikipita sokoni wanasema, huyu ndiye mama wa yule msichana wa misheni. Hata padri alinipa kiti cha mbele. Unaona, minye nilijua nini namwahidi Mungu.

Toussaint nilimwona. Alikula ndagala zote. Baba yake amevimba miguu, dawa haisaidii. Lakini hayo ni ya wanaume, weye ogesha wabibi wako.

Ni minye,
Mama Claire


Misheni
6 Agosti 2023

Mama yangu,

Salamu nyingi. Mko wazima wote? Minye kikohozi kidogo, kimeisha. Nimejifunza kuwaosha wanaokufa. Mara ya kwanza nilitapika, mara ya pili nilisali, siku hizi ninaimba polepole ya kwetu, na Sista ananiacha niimbe.

Toussaint aliniandikia mara tatu, kisha kimya. Sijalala vizuri. Muulize tu, mama, bila kumgombeza. Kama amechoka kusubiri, aseme kwa mdomo wake. Minye ninahesabu siku ya kurudi, nafunga ndoa naye, na kitenge cha harusi nimeshakifikiria rangi. Sina kingine ninachokitaka. Niambie ukweli wote, hata kama ni mbaya.

Mwanako,
Claire


Uvira
3 Oktoba 2023

Claire mtoto wangu,

Pole na kikohozi. Kunywa tangawizi kama huko iko. Toussaint haandiki kwa sababu ya ugonjwa wa baba yake, hana hata dakika ya kukaa. Acha kumfikiria sana, utakonda.

Sasa sikiliza jambo la nyumba. Wameleta uchumba wa Noella. Ni watu tunaowajua, watu wa sala, wanaheshimu. Wana haraka, wanataka kabla ya Noeli. Weye unajua kwetu mdogo hapiti mkubwa bila mkubwa kutoa neno. Kama ungekuwa hapa, ungesimama mbele ya wakwe, ungemshika mkono Noella na kumpitisha. Sasa uko mbali, basi andika. Andika vizuri, barua ya kusomwa, maana wakwe wataisikiliza pamoja na baba yako mdogo Antoine. Bila neno lako hatutapokea mahari, na minye nitaaibika.

Usichelewe. Iko sista mmoja anarudi huku mwisho wa mwezi wa kumi na moja, mpe yeye.

Ni minye,
Mama Claire


Misheni
9 Novemba 2023

Mama, baba Antoine, na wakwe zetu wote mliokaa hapo,

Nawasalimu kwa heshima. Nawaomba mnisamehe kwa kutokuwepo.

Noella nilimbeba mgongoni kabla minye mwenyewe sijajua kutembea vizuri. Nilimfundisha kusuka, kusoma, kudanganya mama kidogo, na kuogelea mu Tanganyika bila kumeza maji. Leo anapita mbele yangu, na minye natoka njiani kwa furaha. Nasema mbele yenu: apite. Simwekei kinyongo wala kijicho. Nyumba atakayoingia, aiingie na baraka yangu. Bwana wake, nampokea awe shemeji yangu, na vyote alivyo navyo viwe vya Noella, hakuna ninachokidai.

Sikuuliza jina la bwana, mama, unajua mwenyewe. Mkubwa anayeulizauliza jina ataonekana ana wivu, na kwetu neno la namna hiyo halipokelewi. Mkimkubali ninyi, minye nimemkubali.

Noella, ndugu yangu, ucheze siku hiyo mpaka viatu viishe.

Dada mkubwa, na mwanenu,
Claire


Uvira
15 Januari 2024

Claire mtoto wangu,

Heri ya mwaka mpya. Uko mzima? Sisi tuko wazima. Harusi ilifanyika vizuri, mvua ilituachia mpaka watu walipomaliza kula. Barua yako ilisomwa, na minye ndiye nilisoma. Watu walipiga makofi. Mahari ikapokelewa saa ile ile.

Sasa minye sipendi kuzungusha. Bwana wa Noella ni Toussaint.

Usianze kulia kabla ya kusikia. Baba yake alisema hataki kufa kabla ya kuona mke wa mtoto wake mu nyumba. Walitaka msichana wa kwetu, na weye uko mbali na mwaka mzima bado. Ningefanya nini? Niwaache waende kwa jirani, nyumba ile nzuri, na mashamba yale yote ya Kamanyola? Na ahadi ya Mungu siwezi kuikata katikati, angekuchukua kabisa. Basi nilimpa aliyekuwepo.

Noella alikataa. Alijifungia chumbani, nikampiga kofi moja tu, kisha nikamsomea barua yako; ile ya jina niliiruka, kwake na kwa wakwe. Nikamwambia, mkubwa wako ametoka njiani, ukikataa sasa unamtemea mate. Akatoka. Toussaint naye aliniuliza kama unajua. Nikamwambia, si umesikia barua? Amesema hadai kitu. Akainamisha kichwa, akasema basi kumbe Claire alishaniacha. Nikamwacha aamini hivyo.

Weye mwenyewe hukuuliza jina. Nani alikukataza? Ungeuliza, ningekuambia.

Utapata mwingine, uko mtoto wa misheni, watakugombania. Andika upesi nijue umeelewa.

Ni minye,
Mama Claire


Uvira
22 Mei 2024

Claire,

Salamu. Uko mzima au umekufa? Masista wanasema uko mzima, unakula, unafanya kazi. Basi ni kiburi.

Ziwa limepanda, maji yameingia mpaka kwa Mama Rénovat, watu wanalala mu shule. Mu shirika kila jumapili wananiuliza barua yako iko wapi. Nimesema posta imeharibika. Sasa wanacheka pembeni, maana wanajua hatutumii posta. Unaniaibisha. Nimekuzaa, nimekutoa mu kipindupindu kwa magoti yangu haya, na weye unanihukumu kwa ajili ya mwanaume.

Andika hata mistari miwili.

Mama Claire


Uvira
17 Septemba 2024

Claire mwanangu,

Nakusalimu kwa upole. Minye mgongo umeniangusha, naandika nikiwa nimelala.

Noella mimba zimemtoka mara mbili. Ya pili ilitoka na damu mingi, nikafikiri nitamzika. Sasa iko na nyingine, changa kabisa. Baba mkwe bado mzima, ndiye anayesema sana. Anasema moyo wa mkubwa umebaki njiani, ndiyo maana tumbo la mdogo halishiki. Mama mkwe naye anasema kama hii itatoka, watamrudisha. Wanataka neno jipya kutoka kwako, lisomwe tena mbele yao. Neno moja tu, Claire. Andika tu: «Nimesamehe.» Huyu mtoto hajakukosea kitu. Analia usiku, anaita jina lako, haiti langu.

Minye nimekukosea, sawa. Niadhibu minye.

Mama yako, Mama Claire


Misheni
2 Novemba 2024

Mama,

Nakusalimu. Pole na mgongo. Minye niko mzima.

Bibi Rasoa alikufa mwezi wa nane. Nilimwosha mwenyewe. Watoto wake, wale waliomwacha, walikuja siku ya maziko, wamevaa vizuri, wakalia kutushinda sisi. Mkubwa wao akaniuliza kama mama yake alimsamehe kabla ya kukata roho. Nikamwambia hakukutaja. Ilikuwa kweli. Sista Marie-Rose alinigombeza, akasema ningeweza kudanganya kidogo kwa huruma. Nikamjibu kwamba kwetu iko mtu wa kazi hiyo.

Unaomba neno. Neno uliliomba mwaka uliopita, nikalitoa kwa mikono miwili, ukalisoma, wakapiga makofi. Sina la pili. Noella simchukii, alipigwa kofi na akadanganywa kama minye. Lakini nikiwaza tumbo lake limeshika, na Toussaint amebeba mtoto pale Kamanyola, mtoto ambaye angekuwa wangu, naacha kufua, natoka nje. Nimesali nisione hivyo. Nimesali sana. Bado naona hivyo. Basi sitasamehe. Kama itatoka, itoke.

Wasomee hivyo, usipunguze kitu.

Ahadi yako kwa Mungu inaisha mwezi wa pili. Nimetia sahihi miaka mitatu mingine, na hiyo ni yangu.

Claire


Uvira
14 Desemba 2024

Claire,

Salamu. Huku tuko wazima.

Barua yako ililetwa wakati wakwe wamekaa nyumbani kwangu. Waliposikia imetoka kwako, wakaomba niisome papo hapo. Nikaifungua. Nikasoma vile nilitaka. Nikasema unamsamehe mdogo wako kwa moyo wote, unamwombea watoto wa kujaza nyumba, na unamsalimia Toussaint kama shemeji. Nikasema umeomba kubaki huko kwa sababu umeonja utamu wa kumtumikia Mungu. Nililia hata minye, ilikuwa inapendeza. Baba mkwe akasema una moyo wa mtakatifu. Toussaint akatoka nje, akakaa huko mpaka chakula.

Noella peke yake alikuwa anaangalia karatasi. Anajua mwandiko wako, na alikaa karibu yangu. Akaniangalia mu macho, kisha akasema, «Asante, dada,» kwa sauti, watu wote wasikie. Tangu siku ile halii tena usiku. Tumbo linashika, daktari amesema.

Karatasi niliitia mu moto wa mbabula.

Sasa iko amani, na minye sitaki ivunjike. Usiandike tena. Barua yoyote ikifika watu watataka isomwe, na minye nimezeeka, siwezi kutunga kila mara. Ile miaka yako mitatu, imalize vizuri. Ukiimaliza, ongeza.

Mungu akulinde huko.

Mama Noella