Mbuzi Miguuni Pangu

Mwelu, uko? Leo Kaloki amenitia aibu kwa wakwe. Mtoto nilimzaa mwenyewe!

Tulikuwa tunapeleka mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kufungua mahari, kwa kina Mutindi huko Kathiani, tukamuombe awe mke wa Kaloki. Nikasema tukodishe pikapu. Kaloki akasema, "Mama, wacha ushamba, gari yangu ni otomatiki." Mbuzi wawili wakawekwa nyuma, mmoja miguuni pangu, kiti cha mbele.

Kufika mlimani, gari ikakataa kubadilisha gia. Wazee wa kina Mutindi wakatupata tukisukuma. Kaloki akawaambia, "Ni Mama alishika gia." Mimi! Na mikono yote ilikuwa kwa pembe za mbuzi!

Fundi wa hapo akainua zulia pale miguuni. Kompyuta ya gari imelowa mkojo wa mbuzi chapachapa. Akasema hiyo ndiyo inaamuru injini na gia. Ikichanganyikiwa inang'ang'ania gia moja tu, gari isijiumize. Gari iko na akili kushinda mwenyewe.

Akaikausha. Lakini wazee walikuwa wametangulia na mbuzi, wakinicheka mimi.

Tukirudi Kaloki ameniomba msamaha, madirisha yamefungwa. Nikamwambia ageuze gari, akaseme hivyo mbele ya wale wazee.

Ameongeza mwendo, Mwelu. Mpaka nyumbani.