Gogo la Mvule Uani kwa Klementina

Jumatatu, 6 Septemba 1954

Bwana Misitu ameingia Ifakara na gari lake, vumbi lake na daftari lake. Kasikia watu wanachoma mvule kama kuni. Mvule ni mali ya Serikali; nadhani hata mvua inayounyeshea ni ya Serikali. Nikamwambia asiwe na shaka — mlinzi wake nina miaka sita kazini, mti uwe umepasuliwa, uwe umeungua nusu, nitautaja. Mdomo wangu huu!

Jumanne, 7 Septemba 1954

Tumekwenda kwa Mama Klementina, njia ya Kivukoni. Mumewe Kasmiri kazikwa wiki iliyopita, na kuni za matanga bado ziko uani. Za kila aina, maana kila nyumba ilipeleka mzigo wake. Nikanusa, nikakwangua kwa kisu, nikajifanya daktari. Huu mkongo. Huu mninga, tazama utomvu mwekundu. Huu mwembe, hauivishi hata uji. Kisha gogo moja la rangi ya manjano iliyokolea, na jiwe jeupe ndani yake, lile ambalo mvule hulificha moyoni. "Mvule," nikasema, kwa sauti ya padri. Bwana akafurahi. Mama apelekwe barazani Jumamosi, na asipojieleza, kifungo.

Ndipo nikaligeuza. Alama ya nyundo, ile tunayogongea magogo ya Serikali. Nyundo yangu mimi! Ni gogo nililolikamata Machi, kielelezo cha kesi, nikaliweka nyuma ya jiko langu. Nikalirudisha upesi, alama chini.

Bwana akamwuliza mama nani kalileta. Mama akanitazama mimi. Akasema wakati analia hakuwa anakagua kuni za watu.

Jumatano, 8 Septemba 1954

Nimemwuliza mke wangu, Digna. Hakukana. Kwani, akaniuliza, nilitaka aende msibani mikono mitupu? Tangu Pasaka sijamletea hata ukuni mmoja. Mlinzi wa misitu yote hii, na jikoni kwangu hakuna cha kuwasha.

Alhamisi, 9 Septemba 1954

Bwana anataka niliweke gogo la Machi kando ya hili la msibani, ayalinganishe. Nikasema ndiyo, bwana. Kazi nzuri, kulinganisha gogo na lenyewe.

Ijumaa, 10 Septemba 1954

Asubuhi nimekutana na Mama Klementina akitoka kisimani. Shikamoo, mama. Marahaba, mwanangu. Akasema nimwambie Digna kuni zake ziliwaka vizuri, hazikutoa moshi. Basi. Akajitwika ndoo akaenda. Anajua tangu mwanzo, na kesho atafungwa na mdomo wake umefumbwa. Nimeona aibu ambayo sijapata kuiona.

Sasa niko ofisini na fomu. Aina ya mti: mvule. Hiyo nimeandika, kwa mwandiko mzuri kabisa. Mwenye gogo: — kalamu nimeichovya mara tatu.

Gogo liko miguuni pangu, alama chini. Bwana anakunywa chai hapo nje. Kasema akimaliza kikombe nimgeuzie, aone na upande wa pili.

Kikombe chenyewe kidogo.